Sakafu ya Ndugu wa Kuzikana

Adventina hakujaliwa kunyamaza, na mtaa wake wote pale Gitega unalijua hilo. Lakini siku aliyokwenda Muyinga, maneno yake hayakumsaidia kitu.

Alikwenda kuiombea nyumba. Zamani, kambini Tanzania, yeye na mumewe Ignasi walimzika binti yao Josefina ndani ya kipande cha turubai, mvua inanyesha, wachimbaji wanawahimiza, hata jina lake halikuitwa. Ignasi akaapa kwamba wakirudi Burundi hakuna mwenzao atakayezikwa vile tena. Waliporudi, waliotoka kambi moja wakaungana, wakajiita Ndugu wa Kuzikana. Wakafyatua matofali ya kujenga nyumba ya kuagia wafu wao, Sadrudin mwenye duka akawapa mabati, na Ignasi akapiga sakafu kwa mikono yake. Tangu hapo ndugu akifa, jeneza hulazwa kwenye sakafu hiyo, na kila mmoja humwita marehemu kwa jina kabla hajatolewa mlangoni. Mfagiaji ni Adventina, na ole wako uingie na matope.

Kosa walilifanya mwanzoni kabisa. Kambini kadi ya posho ilibeba jina la mtu mmoja, na jamaa wote wakala. Basi na kiwanja wakakiandikisha kwa jina la mwenyekiti wao, Fredi. Watu wazima na akili zao! Fredi mwenyewe hakumdhulumu mtu. Alikufa tu. Gitega ilipofanywa makao makuu viwanja vikawa dhahabu, na mwanawe Godfrey, aliyekulia Muyinga kwa mjomba, akauza kwa mtu aliyetaka kuibomoa nyumba.

Godfrey alimpokea kwa heshima, akamletea soda.

"Mwanangu, Ignasi ni wa leo au kesho," Adventina alisema. "Sikuombi uturudishie nyumba. Waambie wasiibomoe mpaka atolewe mlangoni pale, kama baba yako."

"Mama, mi naona haya kabisa," Godfrey alijibu. "Lakini nyumba iko kwa jina ya papa, nilishauzisha. Na mwenye kununua hasikii, vraiment, kweli."

Soda ilibaki mezani.

Aliporudi Gitega, Ignasi aliinua kichwa kidogo kitandani. "Wamekubali?"

"Wamekubali, baba Josefina."

"Basi kafagie," Ignasi alisema, akatabasamu.

Akaenda kweli, ufagio mkononi. Mabati yalikuwa yameshushwa na ukuta wa mbele umelala chini. Alifagia vumbi la matofali huku analia kwa sauti, mpaka mlinzi akamshika mkono na kumtoa.

Ignasi alifariki wiki ileile. Ndugu walilibeba jeneza mpaka pale, sakafu imeshachimbuliwa, wakaliweka kando ya barabara, jirani na lundo la mchanga. Watatu wakawahi kumwita jina. Wa nne alipofungua kinywa, lori la mawe likapiga honi, dereva anataka kupita. Wakalinyanyua jeneza, wakaondoka mbiombio.

Adventina alikuwa wa tano.