Sentimita Kumi na Nne

Tangu mkewe afariki, mlinzi wa bwawa aliweza kumaliza siku tatu bila kusema na mtu. Wenzake walimwita Tani, maana kila kitu alikipima kwa tani. Mkewe ndiye aliyekuwa na subira naye. Alikuwa akikunja nguo huku akimuuliza maji yanasukuma kiasi gani leo, naye akieleza mpaka usingizi umchukue mama wa watu.

Asubuhi moja alikuja injinia, dada wa miaka ishirini na kitu, pamoja na fundi wa kuchomelea. Boriti inayolishikilia lango la chuma kwa upande mkavu ilikuwa imepata ufa. Tani akachungulia mchoro wao, akakohoa.

"Mwanangu, boriti mpya umeiweka katikati ya lango."

"Ndiyo, mzee. Si ndipo uzito ulipo?"

"Lango ni mita mbili kwa tatu kwenda juu, yaani mita sita za mraba. Katikati yake iko mita tano na nusu chini ya maji. Tano na nusu mara sita, tani thelathini na tatu. Hapo hatugombani. Lakini maji ya chini yanasukuma kuliko ya juu, kwa hiyo nguvu yote inaangukia chini ya katikati. Ukiliegemeza hapo, litabinuka."

Fundi akaangua kicheko. "Mzee, wewe mlinzi au profesa?"

Injinia hakucheka. Alipiga hesabu kwenye simu, akairudia. "Sentimita kumi na nne chini ya katikati," akasema polepole. "Nilipitiwa. Shikamoo, mzee!"

"Marahaba," Tani akajibu, akajikuta anatabasamu kama bwana harusi.

Boriti ikachomelewa mahali pake. Tani akakimbilia ndani kubandika chai, akapanga viti vitatu barazani. Maji hayajachemka, honi ikalia. Injinia akampungia mkono dirishani, gari likaondoka.

Alimpigia mwanawe palepale.

"Baba, kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Kuna jambo la kazini, nilitaka..."

"Niko kikaoni, baba. Nitakupigia."

Akapiga baada ya siku mbili. Tani akaanza habari ya lango, lakini mtandao ulikuwa ukikatikakatika. Wakaishia kuulizana hali za wajukuu. Wajukuu hawajambo.