Wazungu Wasio na Shamba

Wazungu tuliowajua sisi walikuwa na magari, na mashamba ya mkonge kule Kilosa. Kwa hiyo uhuru ulipokuwa bado mpya, mwalimu wetu pale Kisanga aliposema kwamba Wazungu wengi walihamia Marekani kwa sababu ya njaa, darasa zima lilicheka. Akatungoja tumalize. Akaeleza kwamba sehemu nyingine kwao shamba lilirithiwa na mtoto wa kwanza, wadogo wakabaki mikono mitupu. Mashine zikawanyang'anya wafumaji kazi. Na ng'ambo viwanda vilikuwa vinatafuta watu.

Jioni nilimsimulia kaka yangu tukipukuchua mahindi. Yeye hakucheka. Kwetu milimani ardhi hufuata upande wa mama: shamba la mama lingekuwa langu mimi binti, na kaka angelima kwa mkewe, akifiwa na mke afungashe virago. Na kaka alilipenda lile shamba. Mimi nilikuwa mvivu wa jembe, kila mtu alijua.

"Huko walikokwenda, walipewa ardhi?" aliniuliza.

"Wengine. Wengi waliishia viwandani."

"Basi afadhali kiwanda."

Baada ya mavuno alishuka Kidodi kutafuta kazi kwenye kiwanda cha sukari. Mama alilia. Mjomba, msemaji wa ukoo, alisema desturi ni desturi. Desturi gani hiyo inayomfukuza mkulima na kumbakiza mvivu? Inaniuma mpaka leo.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikazaa. Ndipo tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, kando ya barabara. Mwenyekiti akatangaza kwamba ardhi si ya ukoo tena. Kila kaya itapimiwa eneo lake. Nilimtuma dereva wa lori ampelekee kaka habari. Alikuja na jembe jipya begani, amekonda, anatabasamu peke yake.

Maeneo yalikuwa yamekwisha. Mwenyekiti aliitikia shikamoo yake vizuri tu, akamwambia yaligawiwa wakazi, na yeye ni mkazi wa Kidodi.

"Kidodi wananiita mtu wa Kisanga," kaka alisema.

Nilimwambia achukue langu, lote. Alikataa, akasema hilo ni la wanangu. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha. Kesho yake, kabla ya kurudi kiwandani, alinichimbia mashimo ya mahindi eneo zima, mistari imenyooka, nami nikamfuata nyuma nikifukia mbegu, machozi yananitoka.