Mama Shuka Akataa Kiti

Mama Shuka aliamka na hasira, na ungemuuliza nani kamkosea angekutajia nyumba nzima.

Hasira zenyewe zilikuwa za miezi kumi. Kabla ya hapo alikuwa dobi wa nyumba ya wageni kwa miaka thelathini na sita. Kila siku mashuka arobaini: kuyafua kwa mkono, kuyakamua, kuyabeba kwenye beseni kichwani hadi juu ya paa, kuyaanika, kisha jioni kusimama kuyapiga pasi. Hakuna aliyemwambia kwamba hayo ni mazoezi. Yeye aliyaita kazi, na akafikisha miaka sitini na saba bado anakaa chini na kuinuka bila kushika kitu.

Ndipo mwanawe wa kwanza, meneja wa ghala, alipokuja kumchukua. "Mama, umehangaika vya kutosha. Sasa kazi yako ni kupumzika." Maneno matamu, na mtu mzima akalia kwa furaha. Laiti angejua! Kupumzika kwenyewe kulikuwa kukalishwa kwenye sofa, ghorofa ya tatu, mbele ya televisheni. Akinyanyua kikombe, dada wa kazi anampokonya, kwa kuwa bosi ameagiza. Akishika ufagio, mkwewe anaona haya: "Mama, watu watasema tunakutumikisha." Akitaka kwenda sokoni, neno ni lile lile, pumzika. Walimheshimu mpaka wakamlemaza. Mapenzi ya namna hiyo, heri mtu akuchukie ujue moja.

Mwezi wa sita magoti yakaanza kuuma. Mwezi wa nane sukari ikapanda. Usingizi, ambao zamani ulimchukua kabla hajajifunika, ukamkimbia. Mwezi wa tisa akaanguka bafuni. Hakuvunjika, lakini alilala sakafuni robo saa nzima akiita, na aibu ilimuuma kuliko kiuno.

Kule kliniki, binti mmoja wa mazoezi ya viungo alimwambia ainuke kwenye kiti bila kutumia mikono. Akashindwa. Yeye, Mama Shuka!

"Bibi, ni misuli ya mapaja imelala," binti akasema. "Usipoitumia inakwisha, ukianza kuitumia inarudi, hata kwa mtu wa miaka themanini. Inuka na kukaa mara kumi asubuhi, kumi jioni. Tembea kila siku. Panda ngazi taratibu, umeshika reli. Sukari itashuka, na usingizi utaupata."

Meneja akamjibia mama yake: "Sawa, dokta. Tutamnunulia kiti cha magurudumu."

Na kweli akanunua. Jumamosi moja asubuhi kiti kikaletwa sebuleni, kimefungwa utepe mwekundu, na familia yote ikajipanga kupiga makofi. Mama Shuka akakitazama juu mpaka chini.

"Nani kafa?" akauliza.

"Mama jamani! Ni cha kukusaidia. Ukikizoea, hutataka tena kuinuka."

"Hilo ndilo ninaloliogopa."

Akawageukia wote. Mjukuu wake wa miaka tisa alikuwa kajikunja na simu, maana kamba ya kuruka alinyang'anywa siku alipochubuka goti. Mama yake, mwenye miaka thelathini na mitano, alikuwa anajikanda mgongo, anavyofanya kila siku kwa sababu ya kiti cha ofisini.

"Nyumba nzima mmekaa!" Mama Shuka akafoka. "Mtoto mifupa ndiyo kwanza inajengwa, mmemkalisha. Mama yake anaugulia mgongo, amekaa. Na mimi mmenikalisha. Mnasubiri nini, jeneza?"

"Mama, usifike huko."

"Nimeshafika! Mjukuu, niletee raba zangu."

Hawakujua kwamba wiki tatu sasa alikuwa akijifungia chumbani kama mwizi, anainuka na kukaa kitandani, kumi asubuhi, kumi jioni. Siku ya kwanza aliweza mara mbili akatokwa na machozi ya ghadhabu. Jana alimaliza kumi zote. Akafungua mlango, akashika reli, akaanza kushuka, mjukuu akirukaruka mbele yake.

Meneja akachukua lifti, akamkuta chini miguu inamtetemeka. "Basi, Mama, umeshinda. Twende kwenye lifti."

"Panda wewe na lifti yako."

Akapumua kidogo, akageuka, akaanza kupanda. Mwanawe, kwa kuogopa asije akaanguka, akamfuata nyuma kwa miguu. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Wakikaribia ya tatu, Mama Shuka akasikia nyayo nyuma yake zimekoma. Akageuka. Meneja alikuwa ameketi kwenye ngazi, shati limelowa, mkono kifuani, uso umempauka.

"Nipe dakika moja, Mama."

Hasira zote zikamtoka, kisha zikarudi kwa kishindo, na safari hii alijua kwa nini. Akashuka vidato vinne, akaketi kando yake.

"Baba yako alikuwa dereva wa lori," akasema. "Miaka ishirini na mitano amekaa kwenye usukani. Na akirudi nyumbani, mimi namkalisha. Namvua viatu, namletea maji ya kunawa pale pale alipo. Nilikuwa nafua mashuka ya watu, yeye simruhusu kuokota hata kijiko. Nikaona ndiyo heshima. Nimemzika ana hamsini na moja. Wewe una arobaini na nne, hesabu mwenyewe."

Mama Shuka akashika reli, akainuka, akamnyooshea mkono.

"Simama," akasema kwa ukali. "Leo hii kliniki, wakupime huo moyo. Wakikuruhusu, kesho ngazi. Mimi sina nguvu za kuzika wawili."