Waliomjibia Dahabo

Dahabo hakuwahi kununua maziwa bila kunusa kifuniko. Wachuuzi wenzake walionja. Wengine walitikisa mtungi wakasikiliza. Yeye alifungua mtungi kwa mkono wa kulia, akakigeuza kifuniko, akakileta puani na kufumba macho. Kisha alitamka neno moja tu: "Haya," au "Rudisha." Akishasema hivyo hakuna aliyebishana naye, hata dereva wa pikapu iliyoleta maziwa ya ngamia kutoka Kulamawe, awe amechelewa namna gani. Alijua mtungi umefukizwa kwa moshi wa mti upi. Alidai kwamba alijua pia kama aliyekamua aligombana na mumewe asubuhi hiyo. Huenda hilo la pili alikuwa anatania. Kwa Dahabo haikuwa rahisi kujua.

Kiharusi kilimnyang'anya mengi lakini tabia hiyo kilimwachia. Ndivyo Makandi alivyomkuta walipoonana mara ya kwanza, katika nyumba ya mabati huko Kiwanjani: amelazwa kwenye godoro, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umewekwa juu ya mto kama kitu cha mgeni kilichosahauliwa. Mkono wa kushoto ulishika kifuniko cha mtungi, umekibandika puani.

"Anakitaka kila asubuhi," alieleza Hibo, mke wa mwanawe Tuye. "Nikimnyima, analia. Nikimpa, ananusa, halafu anatulia."

Bridget Makandi alikuwa mtoto wa wakulima wa upande wa Meru. Alisomea tiba ya viungo chuoni, akasubiri kazi ya serikali mpaka marafiki zake wakaacha kumuuliza. Mradi wa utafiti ulipomwita alikubali bila kuuliza mengi. Kazi yake ilikuwa kuwatembelea watu waliopigwa na kiharusi Isiolo mjini na pembezoni, kuuliza kama walikuwa na presha au sukari, kama walikunywa dawa, kama walifikishwa hospitali mapema au walicheleweshwa. Halafu angerudi mara mbili kuona nani ameinuka, nani amebaki alivyo, nani ameshazikwa.

"Sisi tunauliza, tunaandika," msimamizi wao, Kaberia, aliwaambia siku ya mafunzo. "Ukianza kutibu, umeharibu utafiti. Unataka kutibu? Fungua kliniki."

Siku hiyo ya kwanza aliyesimulia habari ya mgonjwa ni Gumato, mchuuzi aliyekaa ubavuni mwa Dahabo sokoni tangu wote wawili wakiwa maharusi. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti kubwa, na huruma yake ilitoka kama matusi.

"Unamwona huyu?" alisema. "Presha aliambiwa anayo. Tembe alipewa. Unajua alizifanyia nini? Aliziweka kabatini! Anawaambia wateja, kunyweni maziwa ya ngamia, yanashusha presha, yanashusha sukari, yanafukuza hata wakwe wabaya. Mimi nikamwambia, Dahabo, meza tembe. Ananijibu, mimi ndiye nauza dawa, nikanywe dawa ya mwingine?"

Wanawake waliokuja kumjulia hali walicheka. Dahabo naye alicheka, kwa nusu ya uso.

Asubuhi aliyopigwa, Gumato aliendelea, kifuniko kilimponyoka mkononi, na alipoinama kukiokota hakuinuka. Walisema jini limempiga upande. Walimbeba nyumbani kwanza, wakamsomea, wakampaka mafuta, wakangoja aamke. Hospitali walimpeleka kesho yake. Makandi aliandika kwenye simu ya mradi: kesho yake. Alikuwa ameliandika jibu hilo katika nyumba nyingi, na kidole chake hakikusita tena.

Yakafuata maswali ya uwezo. Je, mgonjwa anaweza kula mwenyewe? Kuvaa? Kushika kitu kwa mkono ulioathirika? Maelekezo yalisema kwamba mgonjwa asiyetamka vizuri ajibiwe na anayemtunza.

"Hawezi," alisema Hibo. "Hawezi. Hawezi."

"Amejaribu?"

Hibo alimtazama kama aliyetukanwa. "Ajaribu mimi nikiwa wapi? Wageni wakute mama anajinyanyulia kikombe na mimi nimekaa, watasema nini? Watasema Hibo anamtumikisha mgonjwa."

Makandi alijua nyumba za namna hiyo. Heshima ilikuwa ya kweli, na ndani yake mtu alikauka polepole kama ngozi iliyosahauliwa juani. Lakini aliona jambo lingine. Vidole vya mkono ule wa kulia, vilivyosemwa havifanyi kitu, vilikuwa vimebana ncha ya shuka na havikuiachia.

Aliizima simu ya mradi. Wageni walipoondoka akabaki na Hibo na Gumato. Alimketisha Dahabo, akauweka mtungi mtupu katikati ya magoti yake, akachukua kifuniko kutoka mkono wa kushoto na kukitia katika ule wa kulia.

"Kila asubuhi akitaka kunusa, afungue mwenyewe kwa mkono huu," alimwambia Hibo. "Usimfungulie. Mwache ahangaike."

"Ahangaike? Na watu wakiona?"

"Funga mlango."

Gumato alichekelea. "Sikia Mmeru! Amekuja kutufundisha kufunga milango."

Dahabo alivuta pumzi, akasukuma neno nje kama anayesukuma gari lililokwama. "Mvua," alisema.

Gumato akaacha kucheka. Alimweleza Makandi. Katika safu yao sokoni, mwenzao akijifungua au akiugua, jirani yake hufudikiza mtungi mtupu mahali pake na hakuna anayeruhusiwa kupakalia. Lakini heshima hiyo ina mwisho. Mvua ikinyesha, ngamia wakishiba na maziwa yakijaa, wachuuzi wapya huja, wengine kutoka Gotu, na nafasi hugawanywa upya. Asiyekaa penye mtungi wake siku hiyo, hana mahali tena.

"Anasema atarudi kabla ya mvua," Gumato alisema. "Na mchuuzi hawezi kukaa pale akingoja mtu wa kumfungulia mtungi. Wateja watamcheka. Mimi mwenyewe nitamcheka."

Makandi aliporudi mara ya pili kiangazi kilikuwa kikali na vumbi limefunika hata majani ya miti. Dahabo alikuwa ameketi kwenye kiti. Maneno yake yalitoka yamepinda, lakini yalitoka, na mwenye subira aliyaelewa. Alimwamuru Hibo afunge mlango. Akauweka mtungi magotini, akalaza mkono wa kulia juu ya kifuniko, na shingo ikamvimba. Kifuniko kilikataa. Kikakataa tena. Kisha kikazunguka kidogo, kikazunguka zaidi, kikatoka. Aliupandisha mkono ule mzito mpaka puani, ukitetemeka njia nzima, akafumba macho.

"Haya," alisema.

Makandi alijikuta anapiga makofi peke yake.

"Mkono wa Mmeru," Dahabo alimwambia taratibu, "unajua kufunga miraa tu. Nani... aliufundisha... maziwa?"

"Wewe ndiye umeufundisha, Mama Tuye."

Ndipo Makandi alipomweleza habari njema aliyokuja nayo. Mradi ulikuwa na sehemu ya pili. Wagonjwa ambao mkono wao uliweza kufanya kitu, hata kidogo, wangefuatwa na gari na kupelekwa kwenye mazoezi hospitalini mpaka msimu wa mvua. Wasioweza chochote wasingechukuliwa. Wafundishaji wa mazoezi walikuwa wachache mno. "Majibu ya leo ndiyo yatakayokuingiza," alisema. "Nikimaliza kuandika tu, basi, umo."

Dahabo alikunja vidole vyake vya kulia, akavikunjua, kama anayehesabu mali yake.

Hapo wakasikia hodi. "Salaam aleikum!" Ilikuwa sauti ya Tuye, mwanawe, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa safarini kwa muda mrefu, na nyuma yake wajomba wawili na kundi la majirani waliokuja kumpa mgonjwa pole. Hibo aliuwahi mtungi, akautupia leso. Dahabo alilazwa haraka kwenye mto. Walipoingia walimkuta vile walivyotarajia kumkuta.

Tuye alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo lililomchoma Makandi baadaye kila alipolikumbuka. Alipiga goti, akambusu mama yake mkononi, akamfuta mdomo kwa kitambaa chake mwenyewe, na wajomba wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Alipoambiwa kwamba huyu mama mgeni ana maswali, aliketi mbele ya Makandi, mgongo wake ukimkinga mgonjwa.

"Niulize mimi," alisema. "Mama yangu hawezi kuhojiwa kama mtu wa polisi."

Maelekezo yalisema mgonjwa anayetamka vizuri aulizwe mwenyewe. Kama Dahabo alitamka vizuri au la, hilo lilikuwa juu ya Makandi kuamua.

"Anaweza kula mwenyewe?" alimuuliza Tuye.

"Hawezi, na kwa nini ajaribu? Yeye alinilisha mimi. Sasa ni zamu yangu."

"Mtoto ni huyu," mjomba mmoja alisema. "Wengine wamezaa mawe."

"Kushika kitu kwa mkono wa kulia?"

"Hawezi."

Hibo alitazama sakafu. Leso iliyofunika mtungi ilikuwa hatua chache kutoka hapo. Makandi aliinama kidogo pembeni ili amwone Dahabo, na Dahabo alikuwa anamtazama mwanawe akisifiwa. Mama gani angemfanya mwanawe mwongo mbele ya wajomba zake? Lakini kisha Dahabo aliyahamisha macho, akayatua kwa Makandi, na hakuyaondoa.

Ilihitajika sentensi moja tu. Mama Tuye, wewe mwenyewe unasemaje? Mtu anayeulizwa na mgeni anaweza kujibu bila kumpinga mtoto wake; ndivyo adabu inavyopitishiwa mlango wa nyuma. Makandi alilijua hilo. Alifikiria aibu ya Hibo mtungi ukifichuliwa. Alimfikiria Kaberia. Alijifikiria yeye, mwanamke wa kabila lingine, ameketi kwenye mkeka wa watu. Alijiambia kwamba atalirekebisha jibu ofisini, kimya kimya, bila kumwaibisha mtu.

Akabonyeza: hawezi.

Ofisini Kaberia alimsikiliza mpaka mwisho, kalamu ikigonga meza. "Aliyejibu ni mwanawe?"

"Ni mwanawe, lakini mimi nilimwona kwa macho akifungua mtungi."

"Alianza vipi kufungua mitungi? Nani alimfundisha?"

Makandi aliikazia macho ile kalamu.

"Basi," alisema Kaberia. "Nikibadilisha jibu itabidi nieleze kwa nini, na nikieleza unapoteza kazi. Ni mgonjwa mmoja, Makandi."

Gari la mradi lilianza kupita Kiwanjani na kuchukua wengine. Lilipita karibu na nyumba ya Dahabo, maana barabara ilikuwa hiyo hiyo. Tuye hakurudi safarini upesi. Alibaki amtunze mama yake. Asubuhi moja alisukuma mlango uliofungwa, akamkuta mama anatoka jasho juu ya mtungi na mkewe amekaa anatazama. Hakumpiga mtu wala hakupaza sauti. Alilia. Akauliza kama yeye amekufa hata mama yake aachwe ahangaike hivyo ndani ya nyumba yake. Kuanzia siku hiyo mtungi ulifunguliwa na Hibo, na kifuniko kilishikwa na Hibo mbele ya pua ya Dahabo, mpaka afumbue macho.

Makandi alirudi kwa ziara ya mwisho mvua ikiwa imenyesha vizuri. Alipita sokoni kwanza. Mitungi ilipangwa mpaka nje ya kivuli, na mahali pa Dahabo alikaa mwanamke kijana aliyetoka Gotu, anawaita wateja kwa sauti ya kujiamini. Gumato alimwona Makandi na kujifanya anatafuta chenji.

"Nilipalinda," alisema hatimaye, bila kuulizwa. "Waliponiuliza atakuja lini, nikawaambia kesho. Kesho yake nikawaambia kesho. Ningewaambia nini tena?"

Nyumbani Tuye hakuwepo, wala hapakuwa na mgeni hata mmoja. Dahabo aliketi ameegemezwa ukutani, msafi, amenenepa kidogo, nywele zimesukwa upya. Hakuna mgonjwa Isiolo nzima aliyetunzwa vizuri kuliko yeye. Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja kifuani. Ngumi ilikuwa imefunga kabisa, na Hibo alikuwa amesokotea kitambaa ndani yake ili kucha zisichome kiganja. Makandi alijaribu kukifungua kidole kimoja. Alijua kazi yake, na alijua alichokuwa anakigusa.

Hibo alileta kifuniko, akakishika mbele ya pua ya mama. Dahabo alinusa.

"Rudisha," alisema. Lilitoka neno zima, safi, halijapinda popote. Ulimi ulikuwa umepona.

Makandi aliwasha simu ya mradi. Safari hii hakumgeukia Hibo. Alisogea mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Mama Tuye, leo nakuuliza wewe mwenyewe. Unaweza kushika kitu kwa mkono wa kulia?"

Dahabo alimtazama kwa macho yale yale ya siku ile. Kiharusi cha pili kilimchukua kabla ya Ramadhani, na Makandi hakumwona tena wala kusikia kutoka kwake neno lingine baada ya haya aliyomjibu, taratibu, bila hasira, kama anayemweleza mteja kwa nini maziwa yamekwisha:

"Nilipokuwa naweza, ulimuuliza Tuye."