Fidla ya Katikati

Shangazi alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaisha. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipiga fidla ya katikati, ile kubwa kidogo yenye sauti nzito, katika kundi la watu wanne. Wenzake wote watatu walimwita Shangazi, hata Mzee wa selo, ile fidla kubwa inayosimamishwa sakafuni, aliyemzidi miaka sita, mtu mzima asiye na haya.

Taabu ya kundi lile ilikuwa walimu wao. Kiongozi, wa fidla ya kwanza, alifundishwa na Mrusi, basi upinde wa kupigia anaukandamiza mpaka kuta zinaitika. Dada Mdogo, wa fidla ya pili, alitoka kwa Mfaransa, na upinde wake unagusa nyuzi kwa hisani tu. Mzee naye alifunzwa na Mhungari, kwa hiyo kila wimbo lazima miguu icheze. Wakigombana, na waligombana kila siku ya Mungu, Shangazi hukipiga kipande wanachokigombania peke yake, akichanganya kidogo cha huyu na kidogo cha yule, kisha wote wanamfuata. Kazi ya punda, na asante hakuna.

Ndipo akaomba kazi ya ualimu katika shule ya muziki, kimyakimya. Akiipata, anaaga kundi. Bega lilimuuma, mumewe alishachoka kumkanda. Jumanne asubuhi akaenda kujaribiwa.

Walimu watatu walikaa mezani, chumba kikinuka rangi mpya. Akaanza vizuri. Mara akasita, akavuta pumzi, akaendelea. Akasita tena. Wimbo ulipopanda, yeye akashusha sauti.

"Samahani, mama," mkuu wa shule akamkatiza kwa upole. "Unampisha nani?"

Loo! Shangazi akageuka kutazama upande anakokaa Kiongozi siku zote. Palikuwa na ukuta tu.

"Nimesikia mikono mitatu humo, kama wapigaji watatu," mwalimu mwingine akasema. "Wako ni upi?"

Shangazi akainua upinde aonyeshe mkono wake, jamani, kisha akaushusha. Mkuu akamwambia arudi Alhamisi, apige anavyopiga yeye mwenyewe.

Mchana akajikokota hadi mazoezini, akawakuta wanarushiana maneno.

"Unaubana wimbo mpaka unakosa hewa!" Dada Mdogo alifoka.

"Na wewe unaupapasa kama una homa!" Kiongozi akajibu.

"Shangazi, hebu tuamulie bwana," Mzee akasema.

"Leo pigeni wenyewe."

"Umekasirika?"

"Nimechoka. Pigeni."

Wakapiga. Mstari wa tatu ukawavunjikia mikononi. Wakarudia mara nne, kila mmoja fundi kwelikweli, na hawakukutana popote. Shangazi alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Mkono wake alikuwa amewagawia hawa vichwa vigumu watatu, na wao hata habari hawana.

"Kuna nini, Shangazi?" Dada Mdogo akauliza, akimsogelea.

Basi akawaambia yote, shule, bega, na ule ukuta. Kiongozi akaketi. Hakuna aliyelaumu.

"Alhamisi narudi kule," Shangazi akasema. "Nisaidieni basi. Nilikuwa napigaje, nilipokuja kwenu mara ya kwanza?"

Wakatazamana, wote watatu. Hakuna aliyekumbuka.