Vyungu Vinane vya Mshangano

Ukifia njiani, nani atajua kwamba hurudi tena?

Wapagazi wa njia ya Kilwa walikuwa na jibu lao. Lilikuwa limepangwa juu ya kichanja, ndani ya nyumba ya Daimu, pale Mshangano, mwendo mfupi kutoka boma la Songea. Lilikuwa ni vyungu. Kila mpagazi aliyezoea kulala kwenye kambi ya Daimu aliacha chungu chake kimefunikwa kifudifudi, na Daimu alikitunza mpaka mwenyewe apite tena. Mtu mwingine hakupikia chungu hicho, hata wageni wajae namna gani. Mwenye chungu akifa, mwenzake aliyekuwa naye safarini ndiye aliyekuja kukivunja. Alitaja jina la marehemu, akakipiga kwenye figa, na waliokuwapo wakasema inna lillahi. Daimu hakuruhusiwa kuvunja. Kazi yake ilikuwa kutunza.

Yeye mwenyewe alikuwa mpagazi zamani, Myao wa upande wa Tunduru, mpaka siku ile pembe la tembo alilobeba lilipomwangukia likampinda mguu. Alibaki hapo hapo, akamwoa Subira, akajenga vibanda kumi na viwili vya nyasi, akawa anapasua kuni na kuwasubiri wenzake. Aliwatambua kwa vikohozi vyao kabla hawajavuka kijito. Alijua kwamba Swalehe halali mpaka apate moto miguuni, na kwamba Alfani husema uongo kila akiulizwa kama amechoka. Mwaka hadi mwaka walirudi, mvi zikizidi, migongo ikipinda, nao wakicheka kwamba mizigo ya siku hizi imekuwa mizito.

Halafu vikaja vita. Watu wa kusini walikataa kutawaliwa, na Wajerumani wakawajibu kwa bunduki. Bunduki zilipomaliza kazi, wakaleta moto: wakachoma maghala, wakachoma mtama shambani, wakachoma hata mbegu. Kisha wakasema nchi imetulia. Ilitulia kweli. Mtu mwenye njaa hapigi kelele.

Katika mwaka wa pili wa njaa, vyungu kichanjani vilikuwa vinane. Tangu vita vianze hakuna mpagazi wa zamani aliyepita, wala hakuna aliyekuja kuvunja. Kila Ijumaa Daimu aliviteremsha, akavifuta vumbi, akavirudisha.

"Vyungu vinane," Subira alimwambia, "na sisi hatuna unga wa kujaza hata kimoja."

"Wenyewe watakuja nao."

"Haya, baba. Watakuja."

Alasiri moja msafara wa serikali ukafika: mizigo thelathini ya nta na mpira, na vijana waliokamatwa vijijini kuibeba. Katikati yao Daimu alisikia kikohozi anachokijua. Alichechemea mbio mpaka kijitoni.

"Shikamoo, kaka Alfani!"

"Marahaba. Bado unatembea kama bata?"

"Bata amenenepa. Mimi nimebaki na mwendo tu. Umechoka?"

"Mimi? Hata kidogo."

Goti lake lilikuwa limevimba kama boga. Daimu alimshusha mzigo kichwani, akamkalisha, na swali la miaka miwili likamtoka bila salamu nyingine.

"Wenzako je? Swalehe?"

Alfani aliinama, akafunga kamba ya mzigo ambayo ilikuwa imefungwa tayari. "Wako nyuma," alisema.

Daimu alimwita Subira, wakafagia vibanda saba na kutandika nyasi mpya. Mbele ya kibanda cha Swalehe aliweka kuni nene, zile zinazoshika moto hadi alfajiri. Alikuwa akiimba. Subira alimtazama Alfani, na Alfani akageuza uso.

Jioni Daimu alimwendea Gaspari, mnyapara wa msafara.

"Mwache yule mzee hapa kwangu. Goti lile halifiki Tunduru, sembuse Kilwa."

"Mizigo thelathini imehesabiwa bomani," Gaspari alijibu. "Nikipeleka ishirini na tisa, kiboko kitakuwa juu yangu. Nipe mtu."

"Mtu ni mimi."

Vijana waliangua kicheko, cha kwanza tangu wafike. Gaspari aliutazama mguu wa Daimu. "Wewe kijito hiki hukivuki na ungo kichwani. Basi. Kesho nitamkamata wa kwanza nitakayemkuta njiani, awe mtoto wa mtu, awe baba wa mtu." Akamgeukia Alfani aliyekaa karibu. "Mzee, unasemaje?"

"Nitakwenda," Alfani alisema.

"Kaka, utakufa!"

"Na huyo wa njiani je?"

Daimu alimpikia ming'oko, viazi vya mwituni, ndani ya chungu cha Alfani mwenyewe, akamkanda goti kwa maji ya moto.

"Wenzako wakifika," Daimu alisema, "nitawaambia wakukimbilie."



Asubuhi Daimu alipotoka nje alimkuta Alfani amekaa kwenye mafiga. Vyungu vyote vinane vilikuwa chini mbele yake. Alikuwa ameingia na kuviteremsha mwenyewe.

"Nilikudanganya, ndugu yangu. Nilikuwa nao wote. Walitukamata kuwabebea askari risasi. Wote saba nilioshikwa nao nimewafukia mimi, mmoja mmoja, na kila nilipotaka kuja kukuambia miguu ilikataa."

Akachukua chungu cha kwanza. "Swalehe," alisema, akakipiga kwenye figa. Akachukua cha pili, akataja jina. Subira alisimama mlangoni, kanga mdomoni. Daimu alisema inna lillahi mara saba, na kila mara sauti ilipungua.

Kikabaki kimoja, chenye masizi mapya ya jana.

"Hicho acha," Daimu alisema. "Hicho ni chako. Nitakitunza."

"Nani atakuja kukivunja? Hawa vijana hata jina langu hawalijui. Utakifuta kila Ijumaa mpaka ufe, ukinisubiri."

Mnyapara alipiga ngoma ya safari. Vijana wakajitwika. Alfani alikiinua chungu kwa mikono miwili.

"Alfani wa Namasakata," alisema kwa sauti, akakipiga kwenye figa.

Daimu alifungua mdomo, na yale maneno ya Mungu hayakutoka. Alfani alingoja kidogo. Kisha aliinama, akajitwika mzigo wake wa nta, akavuka kijito bila kugeuka.