Aprili ya Mafundi

Nani aliyeamua kwamba wanyama wanatazamwa Julai? Swali hilo niliwauliza watu wa nyumbani nikiwa na miaka kumi na tisa, nimesimama katikati ya karakana ya baba yangu pale Biryogo, mkasi mkononi. Walinitazama kana kwamba nimetukana. Mpaka leo jibu la kuniridhisha sijalipata, na sasa nimeacha kulitafuta.

Baba alikuwa fundi wa nguo. Babu yake alifika Kigali na biashara ya vitambaa kutoka pwani, akaoa hapa, akazikwa hapa, lakini bado mtaani tuliitwa Waswahili, watu wa kuja. Kazi kubwa ya baba ilikuwa nguo za wageni wanaokwenda kutazama wanyama mbuga ya Akagera: kaptura za kaki, makoti ya mifuko minne, kofia pana. Mzungu mmoja mwenye ofisi ya kusafirisha wageni ndiye aliyeleta oda. Kaki, kaki, kaki. Baba alipomshauri ajaribu buluu, maana buluu inapendeza na haichafuki haraka, yule bwana alicheka akasema, "Buluu hapana, muzee." Hakueleza kwa nini. Baba akaona kwamba Wazungu hawajui kuvaa.

Miaka ishirini mtu anashona mifuko ya kuwekea darubini, na yeye mwenyewe hajawahi kuona hata swala mmoja! Mimi hilo lilikuwa linaniuma. Nilipokuwa na miaka saba baba aliniahidi: "Kiangazi kijacho nitakupeleka Akagera ukawaone viboko." Kiangazi kikaja na wageni wake, na harusi za mtaa mzima, na sare za shule zinazosubiriwa Septemba. Miaka ile Idi nayo ilikuwa ikiangukia humo humo. Baba akawa hainui kichwa, na utosi wa kofia yake niliujua kuliko uso wake. Kila mwaka alisema kiangazi kijacho, na wallahi alikuwa anamaanisha.

Sasa mwaka ule nilikuwa nimechumbiwa. Mwanamume wa Bukavu, mtu mwema, harusi Julai. Kwenye ramani Bukavu si mbali, lakini mke wa mtu haamki asubuhi akavuka mpaka kwenda kutazama viboko na baba yake. Ama tungekwenda kabla ya harusi, ama ahadi ile ingekufa, na mimi ningekwenda kwa watu nikiwa na ahadi ya baba iliyokufa. Sikutaka. Nilisema sitaki, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani.

Nikachukua karatasi ya kukatia mifano ya nguo nikaitandika mezani. Kwa chaki nikachora miezi kumi na miwili. Upande mmoja niliandika mambo ya mbuga, kama yalivyokuwa katika kijikaratasi cha Kifaransa alichokisahau yule bwana wa ofisi: Juni hadi Septemba, nyasi fupi, maji machache, wanyama wamekusanyika ziwani. Januari na Februari, si vibaya. Oktoba hadi Desemba, mvua, uamuzi ni wako. Machi hadi Mei, usijisumbue. Upande wa pili nikaandika mambo ya karakana. Juni hadi Septemba, hatupumui. Januari, wageni wanaokimbia baridi kwao, kaki tena. Desemba, sikukuu za majirani zetu Wakristo. Miezi mingine nayo nikaijaza, kila mmoja na oda zake.

Mwezi mmoja tu ulibaki mweupe upande wetu. Aprili.

"Aprili ni tope," akasema baba.

"Sisi tulizaliwa kwenye tope," nikamjibu. "Nani hapa Biryogo anaogopa tope?"

Usafiri nao nilikwisha kuutafuta. Jirani yetu mmoja alikuwa na pikapu ya Peugeot, akienda kila wiki kuchukua samaki kwa wavuvi wa ziwa Ihema, mle mle mbugani. Kiangazi anakwenda, masika anakwenda, maana watu wanakula samaki mwaka mzima. Nikamwomba nafasi mbili Jumatatu, akakubali, akanitania kwamba tutarudi tunanuka hata mchumba atanirudisha.

Shangazi, dada yake baba, alipopata habari alikuja mbio mpaka ushungi ukamdondoka. "Mwari anakwenda porini? Mwari anawekwa ndani, anapakwa liwa, anatulia! Utaungua na jua wewe, watu watasema tumewapa mkaa!"

"Jua gani, shangazi, Aprili?"

"Usinijibu!"

"Basi usiniulize."

Akamgeukia baba amkanye mtoto wake. Baba akajifanya anatunga uzi kwenye sindano, na sindano yenyewe ilikuwa na uzi tayari. Hakuwa mtu wa kugombana, baba yangu. Upole wake ndio uliokuwa unanipandisha hasira, kwa sababu kila mtu alijua pa kuuegemea.

Na kweli, Jumapili jioni yule bwana wa ofisi akatokea. Makoti kumi na mawili, kabla ya Jumatano. Wageni wamekuja bila kutazamiwa, wamekwama mjini, iko mvua, nyama ya porini haionekani, lakini makoti wanataka. Nilisimama nyuma yake nikimfanyia baba ishara ya kukataa kwa mikono miwili. Baba alisema atajaribu. Bwana alipotoka, baba akanigeukia kwa sauti ile ile ya miaka yote.

"Mwanangu, kiangazi kijacho..."

"Kiangazi kijacho nitakuwa Bukavu namsongea mtu ugali!" Machozi yalinitoka na sikuyaficha. "Sema hutaki, baba. Sema tu hutaki!"

Alianza kukata kaki.

Alfajiri alipokwenda msikitini, niliingia karakana. Chini ya sindano ya cherehani kuna kikopo kidogo cha chuma kinachoshika bobini yenye uzi wa chini. Bila kikopo hicho unaweza kukanyaga pedali mpaka Idi, mshono hautoki. Nikakichomoa, nikakifunga kwenye pindo la kanga yangu, nikakaa kwenye benchi kama mtu anayengoja chai. Majuto? Hata chembe.

Baba akarudi, akaketi, akaweka kitambaa, akakanyaga. Akasimama. Akapeleka vidole chini. Akainama kutazama. Akanitazama mimi, na mimi nikaitazama dari. Alifungua droo, akachakura, akaifunga. Nje pikapu ikapiga honi.

"Basi," akasema, "cherehani imegoma." Akaenda kubadili nguo.

Niseme hapa hapa ili nisije nikasahau: yule bwana alikasirika, akapeleka makoti yake kwa fundi mwingine, na kwa wiki kadhaa kaki haikuingia mlangoni kwetu. Shangazi alilitangaza hilo kila alipokaa. Mwezi wa sita bwana akarudi mwenyewe, mifuko ya fundi yule imefumuka. Lakini hata asingerudi, ningefanya vile vile.

Baba alitoka amevaa suti yake ya Idi, buluu iliyokoza, aliyojishonea mwenyewe. Kwake yeye matembezi ni matembezi. Tukabanana watatu mbele, tukapita njia ya Kanombe mvua ikianza, Rwamagana ikawa inamwagika, na baada ya Kabarondo, kwenye barabara ya udongo, gari likazama hadi ekseli. Mimi, mwari wa kuwekwa ndani, nilishuka pekupeku nikasukuma. Baba alikunja suruali akasukuma karibu yangu, na gari liliponasuka tope lote likaturukia sisi. Nilimtazama nikiogopa. Alikuwa anacheka mpaka anajishika mbavu, na mimi sikumbuki kama nilikuwa nimeshamwona anacheka mchana wa siku ya kazi.

Mbugani mambo yalikuwa kama kijikaratasi kilivyosema. Nyasi zilikuwa ndefu kuliko gari. Tuliona masikio ya swala, tukaona kinyesi cha nyati, na nyati mwenyewe hatukumwona. Walioonekana bila shida ni mbung'o, wale inzi wakubwa wanaouma. Walimwacha dereva mwenye shati la kaki, wakaniparamia kidogo, na baba wakamla kweli kweli. Walitua kwenye ile suti kama wamealikwa. Alijipiga mgongoni, akajipiga mapajani, halafu ghafla akaacha.

"Buluu!" akapiga kelele. "Yarabi! Ndiyo maana hawataki buluu!" Miaka ishirini, na yule bwana hakuona haja ya kumweleza fundi wake. Mimi nilipandwa na hasira kwa niaba yake. Yeye alivua koti, akaligeuza bitana nje, akalivaa hivyo hivyo, akaniambia kazi hiyo sasa ameielewa.

Ziwani dereva alikwenda kwa wavuvi, akatuacha kwenye kilima kidogo cha nyasi. Mvua ilikuwa manyunyu tu. Na hapo chini walikuwepo viboko, kundi zima, wamelala majini wakipuliza pua, hawajui kwamba huu si msimu wao. Baba alikaa chini juu ya gunia. Mikono yake haikuwa na kazi. Hakuuliza saa, hakutaja makoti. Kichwa alikuwa amekiinua, na akabaki hivyo muda mrefu.

Hapo ndipo uongo wangu uliponielemea. Nilifungua pindo la kanga. "Baba, cherehani haikugoma. Ni mimi." Nikamwekea kikopo kiganjani.

Alikitazama kidogo. Kisha akatia mkono mfukoni mwa koti, kwa shida kwa sababu lilikuwa limegeuzwa, akatoa kikopo kingine, kimepakwa mafuta vizuri, akakiweka pembeni ya kile changu.

"Hii cherehani nimekaa nayo miaka ishirini," akasema. "Unafikiri nina kikopo kimoja?"

Nilikumbuka ile droo. Nilikumbuka jinsi alivyochakura na kuifunga.

Kiboko mmoja akafumbua kinywa, kikubwa kuliko mlango wa karakana yetu. Baba akavirudisha vikopo vyote viwili mfukoni.

"Sasa sogea kidogo," akaniambia, "unaniziba."